Marahaba Mrembo, Marahaba Kamanda: Namna ya Kuwasifu Watoto wa Kike na wa Kiume kwa Mizani Moja

Mgeni akiingia kwetu hupokewa na shikamoo mbili. Ya binti yangu wa miaka minane hujibiwa, "Marahaba, mrembo! Kakusuka nani hivyo, mbona umependeza?" Ya mdogo wake wa miaka sita hujibiwa, "Marahaba, kamanda! Uko darasa la ngapi? Ukikua unataka kuwa nani?" Mgeni hana ubaya wowote. Kaja na mkate wa kumimina kwenye kikapu, na anawapenda wote wawili. Ila kabla hajavua viatu, mmoja keshajua kwamba watu wakimtazama wanatazama nywele, na mwenzake keshaulizwa habari za kesho.

Nilikuwa nikicheka moyoni, mpaka nilipokumbuka kwamba mgeni huja mara moja kwa mwezi, na mimi nashinda nao. Nilichokuja kukiona kinywani mwangu ndicho kilichozaa mwongozo huu. Unamfaa mzazi, mlezi au mwalimu mwenye watoto wa kuanzia miaka miwili hadi kumi na miwili hivi. Vifaa ni daftari na kalamu. Muda ni wiki tatu au nne.

Hatua ya 1: Hesabu kabla hujabadili chochote

Usianze kwa kujirekebisha. Anza kwa kuandika. Piga mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja wa binti, wa pili wa mwana, na kwa siku tatu andika kila sifa inayokutoka, neno kwa neno, pamoja na majina ya utani. Siku moja kati ya hizo iwe ya mapumziko, maana siku za shule wengi wetu tunawaona watoto wakiwa wamelala au wanatafuta soksi. Kama una mtoto mmoja tu, linganisha na mtoto wa jirani au mpwa wa jinsia nyingine anayeshinda kwako.

Ukiweza, mpe mtu mwingine akuandikie. Sisi wenyewe hatujisikii. Mimi alinisaidia wifi yangu, tena kwa furaha kubwa kuliko nilivyopenda. Upande wa binti ulijaa "mtulivu", "umependeza", "msaidizi wangu huyu", "ana heshima". Upande wa mwana: "kichwa hiki!", "mjanja", "dume", "umeweza!", na mara tano ndani ya siku tatu, "jaribu tena, utaweza". Binti sikumwambia ajaribu tena hata mara moja. Alipokwama na kamba ya kiatu nilimfunga mimi.

Usijione mkosaji wa peke yako. Huko Chicago, watafiti wakiongozwa na Elizabeth Gunderson walirekodi kwa video familia 53 nyumbani kwao, watoto wakiwa na miezi 14, kisha 26, kisha 38. Wazazi waliishi siku yao kama kawaida. Walipohesabu, walikuta wasichana na wavulana wanasifiwa kwa wingi ule ule. Tofauti ilikuwa ndani ya sifa yenyewe: kwa wavulana, asilimia 24 ya sifa ilihusu kitendo, yaani jitihada au njia mtoto aliyoitumia, kwa wasichana ilikuwa asilimia 10 tu. Miaka mitano baadaye, watoto waliokuwa wamesikia sifa za kitendo kwa wingi ndio waliopenda zaidi kazi ngumu, na ndio walioamini zaidi kwamba akili huongezeka kwa kuitumia. Matokeo hayo yalichapishwa 2013. Hayatoshi kusema kwamba sifa peke yake ndiyo iliyowafanya wawe hivyo, maana mzazi anayesifu jitihada huenda anafanya mengine mengi mazuri. Yanatosha kukufanya uchukue kalamu.

Hatua ya 2: Panga mafungu

Siku ya nne, kaa na daftari uzigawe sifa katika mafungu manne. Kwanza sura na mavazi. Pili, kumridhisha mkubwa: utulivu, usafi, heshima, kutosumbua. Tatu, kipaji: una akili, kichwa, fundi, bingwa. Nne, kitendo: alichokifanya na alivyokifanya.

Fungu la kwanza kila mtu analiona. Linalojificha ni la pili. "Mtulivu huyu, hana shida kabisa" inasikika kama sifa ya tabia njema, lakini ukiichunguza, mtoto anasifiwa kwa kile ambacho hakukifanya. Hakuuliza, hakupanda, hakubisha, hakumwaga. Akisikia hivyo kila siku kwa miaka minane, darasani atakaa na swali lake kooni, maana kuuliza nako ni kusumbua. Sisemi heshima isisifiwe. Nasema ukiikuta imejaa upande mmoja wa daftari na upande wa pili haipo, basi nyumba hiyo haifundishi heshima, inafundisha ni nani anayepaswa kuwa nayo.

Na mwana naye ana hasara yake. Angalia kama kuna sifa hata moja aliyopewa kwa upole, kwa kungoja zamu, kwa kumhurumia mwenzake. Kwangu hazikuwapo. Ilikuwapo moja tu yenye kugusa machozi: "Safi, mwanaume halii."

Fungu la tatu nalo lina siri. Mwaka 2017 Lin Bian na wenzake, huko Marekani, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya majaribio na watoto wa miaka 5, 6 na 7. Watoto wa miaka 5 walivutia kwao: msichana alisema wenye akili sana ni wanawake, mvulana alisema ni wanaume. Kuanzia miaka 6, wasichana walianza kuwaachia wanaume jina hilo. Na hawakuwa hawajui hali ya darasani, kwani wasichana wa umri huo huo walisema wanaopata alama nzuri ni wasichana. Kisha watoto wakaonyeshwa michezo miwili, mmoja wa "watoto wenye akili sana sana", mwingine wa "watoto wanaojitahidi sana sana". Wasichana wa miaka 6 na 7 waliukwepa ule wa kwanza. Ule wa pili hawakuukwepa. Huo ndio umri wa darasa la kwanza. Tunapokuja kushangaa kidato cha nne kwa nini binti anayepata A ya hisabati hataki tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati), huenda tunashangaa kwa kuchelewa miaka kumi.

Hatua ya 3: Badilisha sarufi

Hapa ndipo penye kazi, na habari njema ni kwamba lugha yetu inasaidia. Shuleni tulifundishwa vivumishi vya sifa: mzuri, mwema, mpole, hodari. Jina lenyewe linakuonyesha tatizo. Kwa Kiswahili sifa ni kumsifu mtu, na sifa ni ile hali iliyomganda. Ukisema "wewe ni hodari" umefanya yote mawili kwa pamoja: umemsifu na umembandika.

Kwa hiyo, kwa wiki mbili, jizuie na sentensi zinazoanza na "wewe ni" au "una". Anza na "ume-", kisha taja kitendo ulichokiona kwa macho yako.

Badala ya "una akili wewe": "Umeirudia ile hesabu mara tatu, na mara ya tatu umeanza kwa kuchora."

Badala ya "fundi huyu!": "Umefungua tochi, umegundua betri moja imegeuzwa."

Badala ya "una mkono mzuri": "Umeonja mchuzi kabla ya kuongeza chumvi."

Badala ya "msichana msafi": "Umedeki mpaka nyuma ya mlango."

Tahadhari: "umependeza" inaanza na "ume-" na inakuponyoka kirahisi sana. Hiyo hesabu fungu la kwanza, usijidanganye.

Utaona sentensi za kitendo ni ndefu na zinakulazimisha uwe umeangalia. Ndiyo maana ni ngumu. "Kichwa hiki!" unaweza kuisema ukiwa kwenye simu.

Kwa nini tunahangaika hivi? Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyoyafanya na watoto wa darasa la tano huko Marekani. Watoto walifanya maswali, kisha wengine wakasifiwa kwa akili, wengine kwa juhudi. Walipopewa nafasi ya kuchagua kazi inayofuata, wengi wa waliosifiwa akili walichagua ile itakayowaonyesha kuwa wana akili, na karibu wote waliosifiwa juhudi walichagua ile watakayojifunza kitu, hata kama watakosea. Baadaye wakapewa maswali magumu makusudi ili waanguke. Walipoambiwa wawaandikie alama zao watoto wa shule nyingine, karibu wanne kati ya kumi wa waliosifiwa akili waliongeza alama. Walidanganya watu wasiowajua na ambao wasingekutana nao.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi tukaichukua kama amri ya kutosifu. Mimi naisoma hivi: aliyesifiwa ni mgema. Hakuna aliyesifu alivyokwea, alivyogema, alivyochuja. Akabaki na jina la kulinda na tembo la kuuza.

Neno la tahadhari kabla hujawa mhubiri. Wapo waliochukua fikra hizi wakazifanya dawa ya kila kitu, wakadhani somo la wiki moja kuhusu "akili hukua" litainua matokeo ya shule nzima. Tafiti za baadaye zilizojumlisha majaribio mengi zimekuta faida ya masomo ya aina hiyo ni ndogo. Nyumbani hatutafuti alama. Tunatafuta mtoto asikwepe kitu kwa sababu ya jina tulilompa.

Hatua ya 4: Vusha sifa upande wa pili

Rudi kwenye mafungu. Chagua sifa mbili ambazo binti hazipati na mbili ambazo mwana hazipati. Kila siku tafuta tukio moja la kweli kwa kila mmoja. La kweli. Usimtungie mtoto ushujaa, atakujua.

Kwa binti tafuta: kujaribu tena baada ya kushindwa, kupanda, kufungua kitu kuona ndani, kubisha kwa hoja, kuongoza mchezo, kusema hapana. "Umemkatalia kaka yako na umempa sababu." Hii ya mwisho wazazi inatutia kichefuchefu, maana kesho hoja hiyo hiyo itakugeukia wewe. Vumilia.

Kwa mwana tafuta: kubembeleza mtoto mdogo, kungoja, kuomba radhi bila kusukumwa, kusema "naogopa", kupanga vitu, kuuguza. Mwana wangu alipompulizia binamu yake jeraha la goti walipokuwa wakicheza chandimu, wenzake walicheka. Usiku nikamwambia, "Uliacha mpira ukaenda kumshika mkono." Hakujibu kitu. Kesho yake alianza kunihadithia mambo ya wenzake waliolia shuleni, orodha nzima, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa stoo.

Halafu kuna mtego mmoja ambao karibu kila nyumba inaingia, nao ni vyombo. Binti akiosha sufuria tatu na mwiko wenye ukoko, nyumba iko kimya, au anaambiwa "mama wa nyumba huyo, atakayekuoa kapata". Mwana akiosha kikombe kimoja, majirani wanaitwa: "Jamani, njooni muone, mwanangu kaosha vyombo!" Tumeshawafundisha wote wawili. Binti kajifunza kwamba kazi hiyo ni yake na malipo yake yatatoka kwa mume. Mwana kajifunza kwamba kuosha kikombe ni hisani aliyowafanyia watu. Kwa hiyo sheria ya hatua hii ni kazi moja, sifa moja. Kama kukuna nazi hakumpatii dada pongezi, kusimpatie kaka pongezi. Kama kunampatia mmoja, kumpatie na mwenzake, kwa maneno yale yale. Na mume wa baadaye aondoke kwenye sentensi za jikoni. Mtoto ana miaka minane.

Hatua ya 5: Bibi, babu na wageni

Hapa ukitumia nguvu utaonekana umesoma ukaharibika. Babu kumwita mjukuu wake "mke wangu" ni utani wa tangu na tangu, una mapenzi ndani yake, na kuuvunja ni kuwanyima wote wawili. Usiukatae. Uongezee.

Baba mkwe wangu akija huanza, "Mke wangu yuko wapi, mrembo wangu?" Siku moja nikamwambia, "Baba, mkeo leo kairudishia cheni ya baiskeli mwenyewe, mikono yote grisi." Akaguna, akamtazama mtoto juu mpaka chini. "Alaa! Kumbe nimeoa fundi!" Tangu siku hiyo akija humuuliza baiskeli inasemaje kabla ya kuuliza mengine. Ndiyo, fundi ni neno la kubandika, nalijua. Kwa babu nimelisamehe.

Njia ni hiyo: mpe mkubwa habari ya kusifia. Wageni wengi husifu nywele kwa sababu hawana kingine wanachokijua kuhusu mtoto. Akisema "umependeza mwanangu", wewe dakia, "Ahsante dada, muulize na habari ya ule mti wa ubuyu alioupanda kwenye kopo." Kwa mwana vilevile: "Shemeji, kamanda wako juzi kamsimulia mdogo wake hadithi mpaka kalala."

Kwa bibi mwenye msimamo wa "mwanaume hashiki ufagio", usibishane mbele ya watoto. Mpe mjukuu kazi inayomnufaisha bibi mwenyewe. Bibi aliyefagiliwa chumba chake asubuhi, akapangiwa na khanga zake, hubadilika kwa kasi ya kushangaza.

Hatua ya 6: Shuleni

Huwezi kumsimamia mwalimu mwenye watoto sabini. Unaweza kumwomba kitu kimoja kidogo. Mimi niliomba hivi: "Mwalimu, binti yangu nyumbani ameanza kuogopa kukosea. Akijaribu swali gumu ubaoni, hata akikosa, naomba umtajie alipopatia." Ombi la namna hiyo halimlaumu mtu.

Lipo jambo la kulijua kuhusu lawama za darasani, kwa sababu lawama ni pacha wa sifa. Mwaka 1978 Carol Dweck na wenzake walihesabu maneno ya walimu katika madarasa ya shule ya msingi. Wavulana walikaripiwa sana, lakini mengi yalikuwa ya utundu, kelele na uchafu wa daftari. Wasichana walikaripiwa kidogo, ila walipokosolewa kazi yao, karibu yote yalikuwa ya kukosa jibu. Mvulana akipata kosa ana pa kuliegemeza: mwalimu ananionea, sikuwa makini. Msichana aliyesifiwa mwandiko na utulivu hana pa kuegemea. Kosa linamfikia yeye mwenyewe.

Kwa hiyo daftari likirudi na makosa, kaa na binti mtafute njia iliyoharibika: "Hapa ulisahau kubeba moja." Kwa mwana usikubali "sikuwa makini" iwe jibu la kila siku. Naye mwonyeshe mahali.

Kama wewe ndiwe mwalimu, angalia makofi ya kilo unayapeleka kwa nini. Na angalia nani anatumwa kufagia darasa na nani anatumwa kubeba madawati, halafu kila mmoja anasifiwa kwa lipi.

Hatua ya 7: Usizidishe chumvi

Ukishaingia kwenye zoezi hili utapata kishawishi cha kumjaza binti maneno makubwa ili kufidia. Usifanye. Huko Uholanzi, Eddie Brummelman na wenzake waliwapa watoto 240 kazi ya kunakili mchoro wa maua wa Vincent van Gogh. Wengine waliandikiwa kwamba wamechora vizuri, wengine kwamba wamechora vizuri ajabu, wengine hawakusifiwa. Watoto waliojidharau, walipopewa sifa iliyovimba, walichagua michoro rahisi safari iliyofuata. Sifa kubwa iliwawekea kiwango kikubwa, wakaogopa kutokifikia. Na watoto hao hao ndio ambao watu wazima huwavimbishia sifa zaidi, kwa huruma.

Sifa tatu za kweli kwa siku zinatosha. Kimya nacho si kibaya: mtoto aliyezama kwenye gari lake la waya hahitaji hadhira. Na kama amezama kweli, usimwahidi pipi akimaliza. Mwache.

Hatua ya 8: Hesabu tena

Baada ya wiki tatu rudia hatua ya kwanza, siku tatu, mstari katikati, na mwandishi yule yule. Usitarajie pande mbili zilingane. Tazama mawili: "jaribu tena" ipo pande zote? Sifa ya upole ipo pande zote? Kama moja haipo, ndiyo kazi ya mwezi ujao, peke yake.

Wifi alinihesabia tena mwezi wa Ramadhani ulipokaribia kwisha. Upande wa binti ulikuwa umependeza kuusoma: kurudia, kuuliza, kupanda ngazi kubadilisha balbu nikiwa nimeishika chini. Upande wa mwana ulikuwa na kubembeleza, kungoja, kukunja nguo. Nilianza kujisifu kimoyomoyo. Asubuhi ya Idd binti akatoka na gauni lake, nikajiuma ulimi, nikamwambia amejifunga mkanda mwenyewe. Mwana akatoka nyuma yake na kanzu mpya na kofia, akasimama mbele yangu akingoja. Nikamwambia amefunga vifungo vyote. Hakuondoka.

"Mama," akasema, "mimi sijapendeza?"

Nikamwambia amependeza. Nikamgeukia na dada yake. Wifi akaomba kalamu.